Kwa nini bluzi ya Mississippi haifanani na ya Texas wala ya Chicago?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpiga gitaa wa bendi ndogo hapa Morogoro. Rafiki yangu amenipa nyimbo za zamani za bluzi (blues), muziki wa watu weusi wa Marekani: Charley Patton, Blind Blake, Blind Lemon Jefferson, T-Bone Walker, Muddy Waters. Zote zinaitwa bluzi, lakini nikizisikiliza naona kila mmoja anapiga muziki wake. Watu mtandaoni wanasema huyu wa Delta, huyu wa Texas, huyu wa Chicago, ila hawaelezi tofauti ni nini. Je, tofauti hizo ni za kweli? Na kwa nini rekodi chakavu za karibu miaka 100 bado zinapendwa namna hii? Halafu ile habari ya Robert Johnson kuuza roho kwa shetani, ni kweli? Mwisho naomba uniambie nianzie wapi kwenye gitaa langu.

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Sikio lako limesikia sawasawa, tofauti hizo ni za kweli. Kinachopotosha ni maelezo yanayozunguka mtandaoni, kwamba Delta kuna dhiki ndiyo maana muziki wake ni mzito, na Texas kuna nafasi ndiyo maana muziki wake umetulia. Dhiki ya watu weusi ilikuwepo Kusini kote mwa Marekani. Kilichoupa muziki sura yake kila mahali ni kazi uliyokuwa ukiifanya. Mpigaji alikuwa peke yake au na wenzake? Wasikilizaji walikuwa wanacheza, au ni wapita njia walioombwa senti? Mahali penyewe palikuwa na kelele kiasi gani? Na nani alikuwa analipa? Shika maswali hayo, halafu urudie nyimbo ulizopewa.

Anza na mtu mmoja na wimbo mmoja. Agosti 1941 watafiti wawili, Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk, walifika kwenye shamba la pamba la Stovall, karibu na mji wa Clarksdale, Mississippi, wakiwa na mashine ya kurekodia. Walimrekodi dereva wa trekta wa shambani hapo, McKinley Morganfield, ambaye watu walimwita Muddy Waters. Moja ya nyimbo alizopiga ni "I Be's Troubled". Gitaa ni la kawaida, halina umeme. Kidole chake kimevaa mtelezo, yaani shingo ya chupa au kipande cha bomba kinachoteleza juu ya nyuzi, na uzi unalia palepale sauti yake inapokatika, kana kwamba ndio unaomalizia sentensi. Hana haraka. Ni mtu anayewapigia majirani zake.

Mwaka 1943 akapanda treni kwenda Chicago. Mwaka 1948 akaurekodi wimbo uleule kwa kampuni ya Aristocrat, iliyokuja kuwa Chess, safari hii ukiitwa "I Can't Be Satisfied". Maneno yanafanana, gitaa limetyuniwa vilevile, mtelezo ni uleule. Ila sasa gitaa ni la umeme, na nyuma yake Big Crawford anachapa besi kubwa ya kusimama mpaka nyuzi zinagonga ubao. Mwendo umekaza, na kila mlio wa mtelezo una makali ambayo kule shambani haukuwa nayo. Toleo la kwanza la santuri hiyo liliisha madukani ndani ya mwisho wa wiki mmoja. Walionunua ni watu waliotoka Mississippi kama yeye, wenye mshahara wa kiwandani mfukoni, waliotaka muziki wa kwao lakini usikike katikati ya kelele za mji. Zipige hizo mbili mfululizo, jioni moja, kabla hujasoma chochote kingine kuhusu Delta na Chicago.

Turudi Delta yenyewe. Si mdomo wa mto, kama jina linavyoweza kukudanganya. Ni uwanda ulio katikati ya mto Mississippi na mto Yazoo, kuanzia upande wa Memphis mpaka Vicksburg, udongo mweusi unaofaa pamba kuliko karibu mahali popote nchini mle. Waliolima pamba ile wengi wao walikuwa weusi wasio na ardhi. Mwenye shamba alimpa mkulima kipande cha kulima, mbegu, na chakula cha mkopo kutoka duka la shambani. Mavuno yakiuzwa wanagawana, kisha daftari la madeni linafunguliwa, na mara nyingi mkulima anajikuta bado anadaiwa. Daftari lilikaa kwa mwenye shamba, na wa kumhoji hakuwepo.

Jumamosi usiku ndipo watu walipopata saa zao wenyewe. Nyumba ya mtu inatolewa vitanda na viti, pombe ya magendo inauzwa, samaki wanakaangwa, na mpiga gitaa mmoja anakalishwa pembeni. Ni mmoja tu, bila dramu, bila besi, bila maikrofoni. Hapo ndipo ilipozaliwa ile sauti ya Charley Patton iliyokushangaza. Patton alikulia kwenye shamba la Dockery na ndiye aliyekuwa akiitwa kwenye shughuli kama hizo. Sikiliza jinsi anavyougonga mwili wa gitaa, anavyouvuta uzi mnene mpaka upasuke, anavyokoroma maneno hadi mengine hayaeleweki. Nyumba imejaa watu wanaokanyaga sakafu ya mbao, na yeye mmoja ni bendi nzima. Kama angepiga kwa upole asingesikika hatua tatu mbele, na asingelipwa.

Msikilize hasa kwenye "High Water Everywhere", aliyoirekodi mwaka 1929 kuhusu mafuriko makubwa ya Mississippi ya mwaka 1927. Haimbi mafuriko kwa jumla. Anataja miji, Sumner, Leland, Greenville, Rosedale, Vicksburg, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekimbia maji na kila anakofika anayakuta. Wimbo ni mrefu kiasi kwamba ulilazimika kukaa pande zote mbili za santuri. Aliyeununua alijua miji hiyo, na pengine alikuwa na ndugu huko. Mimi sijui taarifa ya habari ya zama zile iliyosimulia janga lile vizuri zaidi.

Kuhusu ule mchakacho mwingi kwenye rekodi zake, usidhani ni uzee peke yake. Paramount, kampuni iliyomrekodi, ilikuwa tawi la kiwanda cha viti huko Wisconsin. Walianza kutengeneza makabati ya gramafoni, wakaona kabati linahitaji santuri, basi wakaingia kwenye muziki. Malighafi ya santuri zao ilikuwa duni tangu siku ya kwanza, na michoro mama ya nyingi, ile ya kuchapia santuri, imepotea kabisa. Tulichonacho ni nakala zilizochezwa mpaka zikachoka majumbani mwa watu. Vumilia. Sikio likizoea, mchakacho unakaa nyuma na Patton anakuja mbele.

Mashariki kidogo ya uwanda huo, kwenye vilima vya kaskazini mwa Mississippi, kuna mtindo mwingine ambao wengi huusahau. Huko Lomax alimkuta Fred McDowell mwaka 1959, mkulima ambaye hajawahi kurekodiwa. Muziki wa vilimani haubadilishi kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ovyo. Unaweza kukaa kwenye kodi moja wimbo mzima, ukizungushwa na kuzungushwa mpaka mwili unatii wenyewe. Eneo hilohilo lilikuwa na vikundi vya filimbi na ngoma vilivyopigwa kwenye mikutano ya watu, na ukivisikia utaelewa gitaa la McDowell linatoka wapi. Kwa sikio langu, ndio mtindo wa bluzi ulio karibu zaidi na ngoma zetu.

Sasa Blind Blake. Huyu usimtafute kwenye pamba. Mtindo wake ni wa majimbo ya pwani ya mashariki, Georgia, Carolina mbili na Virginia, chini ya milima ya Appalachia, na huitwa Piedmont. Kule kulikuwa na tumbaku, viwanda, na miji midogo yenye barabara za kutembea. Blind Boy Fuller, kipofu kama Blake, alikuwa akisimama nje ya maghala na viwanda vya tumbaku mjini Durham, akisubiri kengele ya kutoka kazini. Mtu anayepita na mshahara wake anakupa nukta chache tu, kwa hiyo lazima umnase mara moja. Humnasi kwa kukoroma. Unamnasa kwa vidole vinavyomfanya asimame ajiulize ni magitaa mangapi yanapigwa hapa. Kidole gumba kinaruka kati ya nyuzi mbili nene bila kukosa, bumu-chaka, bumu-chaka, huku vidole vingine vikicheza sauti ya juu inayoingia katikati ya mapigo. Ule mkono umerithi muziki wa piano wa regitaimu na upigaji wa banjo, ala iliyotokana na ala za Afrika Magharibi.

Wewe mpiga gitaa wa huku kwetu una njia ya mkato ya kuuelewa mkono huo, nayo ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Aliyoyapiga kwenye "Masanga", iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, ni kidole gumba na kidole cha shahada tu, na bado unasikia watu wawili. Sisemi kwamba aliwafuata Wamarekani au wao walimfuata yeye. Nasema mtu mmoja aliyebeba gitaa moja, anayetaka ajitosheleze, alifika karibu palepale Katanga na Carolina. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kupiga kwenye tamasha la Newport huko Marekani, lilelile ambalo miaka michache kabla yake lilikuwa limewapandisha jukwaani wazee wa bluzi waliofufuliwa. Na usimsahau Elizabeth Cotten wa North Carolina. Alikuwa wa mkono wa kushoto, akaligeuza gitaa la kulia bila kubadilisha nyuzi, kwa hiyo besi aliipiga kwa vidole na sauti ya juu kwa gumba, kinyume cha watu wote.

Texas ni habari nyingine tena, na hapa nakuomba utulie kidogo, maana magitaa mengi ya solo unayoyasikia leo yamepitia Texas. Blind Lemon Jefferson alipiga kwenye kona za Deep Ellum, mtaa wa watu weusi mjini Dallas, kabla hajaanza kurekodi kwa Paramount katikati ya miaka ya 1920. Watu walimzunguka kumsikiliza, na hakuwa na wajibu wa kumchezesha mtu. Kwa hiyo hakubanwa na mapigo. Anaimba mshororo, anasimama, kisha gitaa linakimbia uzi mmoja mmoja, linapanda, linashuka, likimaliza ndipo anarudi kuimba. Ukijaribu kumhesabia, hesabu itakuponyoka. Anarefusha kipimo, yaani fungu la mapigo, pale anapotaka kusema zaidi na kukifupisha akishasema.

Miongoni mwa waliomwongoza kipofu huyo barabarani na kukusanya senti alikuwemo kijana anayeitwa Aaron Walker, ambaye ndiye T-Bone Walker wako. Yeye alikuja kupiga na bendi zenye saksafoni na tarumbeta, tena kwa gitaa la umeme. Akachukua ile tabia ya Lemon ya kujibu kwa uzi mmoja mmoja, akaitia ulaini wa saksafoni, akaifanya isimame mbele ya bendi nzima. "Call It Stormy Monday" ya mwaka 1947 aliirekodi California, kwa sababu Texas nayo ilikuwa imehamia kwenye viwanda vya pwani ya magharibi, kama Mississippi ilivyohamia Chicago. Sikiliza anavyochelewa. Noti inakuja nyuma kidogo ya pigo, bila kuomba radhi.

B.B. King alimsikia T-Bone na hakuwa mtu yuleyule tena. Huyu alizaliwa Mississippi mwaka 1925, akajitafutia jina Memphis, ambako alikuwa mtangazaji wa redio WDIA. Kwa kuzaliwa ni wa Delta, kwa vidole nusu yake ni Texas. Alikuwa na ndugu yake, Bukka White, aliyekuwa bingwa wa mtelezo. King hakuuweza mtelezo, kwa hiyo akatafuta namna ya kuupata mlio ule kwa kutikisa kidole cha mkono wa kushoto juu ya uzi. Mtikiso huo ndio sahihi yake. Noti moja tu na dunia nzima inajua ni nani. Mfano huu nauthamini kwa sababu unaonyesha mitindo ilivyosafiri ndani ya mtu mmoja.

Chicago nimeshaigusa kwa Muddy, lakini kuna mambo mawili siwezi kuyaacha. Kwanza ni ukubwa wa kuhama kwenyewe. Mwaka 1940 watu weusi wa mji huo walikuwa takriban 278,000. Kufikia 1960 walizidi 800,000. Njia ya reli ya Illinois Central ilipita moja kwa moja kutoka Mississippi, na mashine za kuvuna pamba zilikuwa zinaondoa kazi mashambani. Jumapili kwenye soko la Maxwell Street wapigaji walivuta waya wa umeme kutoka madirisha ya nyumba za jirani wakamlipa mwenye nyumba, wakapiga barabarani kwa amplifaya. Humo ndimo Little Walter alipokomaa. Aliishika hamonika pamoja na maikrofoni ndani ya viganja viwili, akaipitisha kwenye amplifaya mpaka kinanda kile kidogo cha mdomoni kikanguruma kama saksafoni. "Juke" yake ya mwaka 1952 haina neno hata moja, na ilikaa namba moja kwenye chati ya muziki wa watu weusi kwa wiki 8.

La pili, umeme Chicago haukuletwa na Muddy, japo vitabu vingi vya haraka husema hivyo. Usiku wa kuamkia mwaka 1943 mshairi Langston Hughes alimwona Memphis Minnie kwenye kilabu kimoja mjini humo, mwanamke amekaa juu ya jokofu la barafu, ana gitaa la umeme, na sauti yake inatetemesha chupa. Aliandika habari hiyo kwenye gazeti la Chicago Defender. Muddy alikuwa hata hajafika mjini.

Na kwa kuwa nimemtaja mwanamke, niseme wazi kwamba orodha ya rafiki yako ina kasoro kubwa: haina mwanamke hata mmoja, wakati bluzi kwenye santuri ilianza na wanawake. Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues" New York tarehe 10 Agosti 1920, ikauzwa kwa maelfu mengi, na makampuni yaliyokuwa yakidhani watu weusi hawatanunua santuri yakakurupuka. Wakafuata Ma Rainey na Bessie Smith mwaka 1923, wote watu wa mahema na majukwaa ya kusafiri, wenye bendi nyuma yao na mavazi ya kung'aa mbele. Wanaume wenye gitaa walianza kurekodiwa kwa wingi baadaye. Mtafute Bessie kwenye "St. Louis Blues" ya Januari 1925. Yupo yeye, kinanda cha kanisani cha kukanyaga, na Louis Armstrong na tarumbeta yake. Kila Bessie anapoachia pumzi Armstrong anajibu, wala harudii jibu lake.

Memphis ya miaka ya 1920 ilikuwa na bendi za mitungi, ambamo mtu anapuliza mdomo wa mtungi kupata besi. Louisiana ya miaka ya 1950, kwa watu kama Slim Harpo, bluzi ilikuwa ya mwendo wa pole, yenye mwangwi mwingi wa studio. Zote mbili utazifikia kwa raha zako.

Kabla ya swali lako la pili, onyo kuhusu ramani hii yote. Sehemu yake ilichorwa na biashara. Mjini Jackson, Mississippi, kulikuwa na mwenye duka la ala na santuri, H. C. Speir, aliyekuwa akitafutia makampuni waimbaji. Patton, Skip James na Tommy Johnson walipitia mikononi mwake, na Robert Johnson pia alianzia kwake. Tunaijua Mississippi vizuri hivi kwa sababu mtu mmoja mwenye sikio zuri alikuwa na duka pale. Wilaya ambayo haikuwa na Speir wake inaonekana leo kana kwamba haikuwa na muziki.

Tena ramani ina watu waliokataa kuitii. Mississippi John Hurt alikaa Avalon, pembezoni mwa Delta, na anapiga kwa upole na vidole vyepesi utadhani ni mtu wa Carolina. Mwaka 1928 alirekodi Memphis na New York, santuri hazikuuzwa sana, akarudi kulima. Katika wimbo mmoja alioimba New York alisema Avalon ndiko kwao. Miaka 35 baadaye, mwaka 1963, wapenzi wa rekodi waliitafuta Avalon kwenye ramani ya zamani, wakaenda, wakamkuta mzee yupo na vidole vyake vipo. Mwaka huohuo alipiga Newport. Mwaka uliofuata wakapatikana Skip James na Son House. Na kufikia miaka ya 1930 santuri zenyewe zilikuwa zimevunja mipaka: Robert Johnson alikaa Mississippi lakini alijifunza pia kutoka kwa piano ya Leroy Carr na gitaa la Lonnie Johnson, kwa kuwasikiliza kwenye gramafoni.

Basi kwa nini bado tunasikiliza? Wengi watakujibu kwamba bluzi ni kilio, na kila mtu ana la kumliza. Sikubaliani nao. Nyingi ya nyimbo hizi zilipigwa ili watu wacheze, watongozane na wacheke Jumamosi usiku, na waliozipiga wangekufukuza ukumbini ungeanza kulia. Jibu langu liko kwenye umbo.

Ubeti wa kawaida wa bluzi una mishororo mitatu. Wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia, wa tatu unalijibu au kulipindua. Ukihesabu moja-mbili-tatu-nne, hicho ni kipimo kimoja; ubeti una vipimo 12, vinne kwa kila mshororo. Lakini sauti ya mwimbaji hutumia kama nusu tu ya vipimo vinne hivyo. Nusu nyingine iko wazi, na chombo ndicho kinachoijaza. Mshororo unaporudiwa, msikilizaji amepewa muda wa kuutafakari na kungoja wa tatu utakuja na nini, na mwimbaji mwenyewe, kama anatunga papo hapo, amepata muda wa kuutafuta. Sisi tuliokulia kwenye kiitikio, iwe cha ngoma, cha taarabu au cha kanisani, hatuhitaji kufundishwa kuingia kwenye nafasi hiyo. Kodi ni tatu tu, kwa hiyo mgeni anaweza kujiunga siku ya kwanza, na bado T-Bone na Patton wanaingia kwenye vipimo vilevile 12 na kutoka na vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Isikilize nafasi hiyo ikifanya kazi kwenye "Come On in My Kitchen" ya Robert Johnson, iliyorekodiwa San Antonio Novemba 1936, hasa ile nakala ya mwendo wa polepole. Katikati ya wimbo anaacha kuimba. Kwa sauti ya chini anamuuliza mwanamke kama hausikii upepo unavyovuma. Hasemi zaidi. Mtelezo unapita juu ya uzi mwembamba, nawe unausikia upepo. Fundi wa siku hizi angeongeza vinanda kumi hapo.

La pili linalozifanya zidumu ni kwamba hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Patton hakuwa anamweleza mgeni maana ya Greenville. Alisema na watu wa kwao, na uhakika huo wa mtu anayesema na watu wake ndio unaotuvuta sisi wa mbali. Ndiyo maana vijana wa Uingereza walipomwona Muddy mwaka 1958, na kisha ziara za wapiga bluzi Ulaya kuanzia 1962, walikwenda kuanzisha bendi. Rolling Stones walichukua jina lao kwenye wimbo wa Muddy, na mwaka 1964 walikwenda kurekodi kwenye studio za Chess zenyewe. Mwaka 1977 vyombo vya anga vya Voyager viliporushwa vikiwa na santuri ya dhahabu yenye sauti za dunia, kati ya muziki uliochaguliwa ulikuwemo wa Blind Willie Johnson, mhubiri wa barabarani wa Texas. Aliurekodi Dallas mwaka 1927: gitaa la mtelezo na mtu anayeguna bila maneno. Ni wimbo wa dini, wenye bluzi wangesema si wao, lakini mkono ni uleule.

Habari ya shetani si ya kweli. Kisa cha kwenda njia panda usiku wa manane kilisimuliwa kwanza kuhusu Tommy Johnson, na msimulizi ni kaka yake. Robert alibandikwa baadaye. Robert alijifunza kwa mtu, Ike Zimmerman, kusini mwa Mississippi, akakaa naye na kufanya mazoezi. Inasemekana walipiga usiku makaburini kwa sababu kulikuwa kimya na hawakumkera mtu. Alikufa mwaka 1938 akiwa na miaka 27, ameacha nyimbo 29, na kila moja imejaa kazi ya vidole ambayo shetani hakumfanyia. Kisa kile kinamdhulumu mtu jasho lake, ndiyo maana nakipinga kila ninapokisikia.

Gitaa lako sasa. Usianze na solo za umeme. Chukua gitaa la kawaida, ulegeze nyuzi tatu: ule mnene wa 6 ushushe kutoka E hadi D, wa 5 kutoka A hadi G, na ule mwembamba wa 1 kutoka E hadi D. Sasa ukipiga nyuzi zote wazi unapata kodi ya G bila kushika kitu. Hiyo ndiyo tyuni ya Muddy kwenye ule wimbo wa 1941 na 1948. Tafuta shingo ya chupa iliyosagwa makali yake vizuri, au kipande cha bomba kinachoingia kidole kidogo. Uguse uzi tu, usiukandamize mpaka ukafika kwenye ubao, na ulenge juu kabisa ya chuma cha freti, si nyuma yake kama unavyofanya ukibonyeza kwa kidole. Kidole kingine kilaze nyuma ya mtelezo kuzima milio isiyotakiwa. Wazi ni kodi ya kwanza, freti ya 5 ni ya pili, freti ya 7 ni ya tatu. Kodi zako zote za vipimo 12 ziko hapo. Kwanza imba mshororo, kisha uache uzi mmoja ujibu, na usipige kitu wakati unaimba mpaka umezoea kungoja.

Ukishaweza hivyo, tyuni nyuzi upya ziwe D, A, D, F, A, D kutoka mnene hadi mwembamba, uweke mtelezo pembeni, umsikilize Skip James wa Bentonia. Hapo utakuwa na maswali mengine, niandikie.